Dume Yupi Auawe, Yupi Aachwe

Mfugaji wa mbuzi akitaka kupunguza mabeberu wake hapati taabu kubwa. Amjua kila mmoja, amjua na mama yake, na yule asiyemtaka humhasi au humpeleka sokoni. Mwenye kutunza ayala wa mwituni hana raha hiyo. Wanyama wake hawalali zizini, mama zao hawajulikani, naye hupata dakika mbili tatu tu za kumtazama dume kwa mbali, penye vichaka, kabla ya kukata shauri lisiloweza kurudishwa nyuma.

Shauri hilo hukatwa kila mwaka katika jimbo la Texas, Marekani, ambako ayala wenye mkia mweupe ni zaidi ya milioni 4. Ayala ni jina walilolitumia wafasiri wa Biblia katika Zaburi ya 42, na lafaa kutumiwa hapa pia, kwa kuwa mnyama huyu si swala wala si kulungu wa Afrika. Tofauti kubwa i katika pembe. Swala hukaa na pembe zile zile mpaka kufa kwake. Pembe za ayala ni mfupa mtupu, nazo huanguka kila mwaka baada ya majira ya kupandana. Kisha huota nyingine, zikiwa zimefunikwa ngozi laini kama mahameli, hata zikakomaa na kuwa ngumu karibu na mwezi wa Septemba. Hivyo pembe ni kama daftari ya mwaka mmoja. Ndani yake mna umri wa mnyama, na chakula alichokipata mwaka ule, na urithi wa wazazi wake. Taabu ni kwamba mambo hayo matatu yameandikwa kwa wino mmoja, wala si rahisi kuyasoma mbalimbali.

Kwa sheria ya Texas ayala ni mali ya watu wote wa jimbo. Lakini zaidi ya sehemu 90 katika mia za ardhi ni mashamba ya watu binafsi, na mwenye shamba huwatoza wawindaji ada ya kuingia. Kusini, penye miiba mingi na mvua haba, ziko ranchi ambazo fedha za wawindaji huzidi faida ya ng'ombe. Mwindaji naye hulipa zaidi apate dume mwenye pembe kubwa zenye matawi mengi. Kwa hiyo dume mchanga akiuawa kwa makosa, mwenye shamba amepoteza mali ambayo ingeiva baada ya miaka mitatu au minne. Na dume asiyefaa akiachwa, huendelea kula majani ambayo mwingine angeyala.

Ubishi mkubwa kuliko wote umekuwa juu ya dume wa mwaka mmoja na nusu. Huo ndio umri wa kuota pembe za kwanza. Wengine huwa na matawi tangu mwanzo, na wengine huota pembe mbili nyembamba kama misumari, zisizo na tawi lo lote. Zamani wawindaji wengi waliwaachilia hao wa pembe za misumari, wakisema ni watoto tu, na mtoto hukua. Basi mwaka 1974 wataalamu wa serikali ya jimbo walianza uchunguzi katika hifadhi iitwayo Kerr, wakiwaweka ayala ndani ya nyua na kuwapimia chakula. Waliopewa chakula chenye protini sehemu 16 katika mia waliota pembe nzito kuliko waliopewa sehemu 8. Hilo halikumshangaza mfugaji ye yote. Lakini waliona pia kwamba madume wa pembe za misumari walizaa wenye pembe kama hizo kwa wingi kuliko madume wengine. Kwa ajili hiyo ushauri ukageuka: mwenye pembe za misumari apigwe mapema.

Wataalamu wa Mississippi hawakukubali. Walisema dume wa kwanza kuangaliwa ni yule aliyechelewa kuzaliwa, au aliyezaliwa mwaka wa ukame na mama aliyekonda. Kusini mwa Texas majike wengi hupandwa mwezi wa Desemba, nao huzaa mwezi wa Julai, jua likiwa kali na majani machache. Mtoto wa namna hiyo akionekana duni mwaka wake wa pili, je, lawama ni ya damu yake au ya mawingu? Mwaka 2008 ilitolewa ripoti juu ya madume wa mwituni wa kusini mwa Texas, waliokamatwa, wakatiwa alama na kukamatwa tena miaka iliyofuata. Ilionyesha kwamba walioanza na pembe ndogo walikuwa wamewafikia wenzao walipopata miaka minne na nusu. Wengine walijibu kwamba pengo hupungua tu, halimaliziki. Ubishi wa wenye bunduki haufi upesi.

Jaribio lililokata maneno mengi lilianza mwaka 2006 katika Comanche Ranch, kusini mwa jimbo hilo. Madume walikamatwa kwa nyavu zilizofyatuliwa kutoka helikopta, wakapimwa pembe, wakakadiriwa umri kwa meno, na wale wasiofikia kipimo cha umri wao wakauawa. Sehemu moja ya ranchi ilichujwa kwa ukali, nyingine kwa kiasi, na ya tatu haikuchujwa kabisa. Miaka ikapita, pembe hazikuongezeka kwa sababu ya kuchuja. Palipochujwa kwa ukali, idadi ya madume ilipungua sana, kwa kuwa katika miaka ya ukame wachanga walio wengi walishindwa kufikia kipimo, wakapigwa.

Sababu zake si siri. Nusu ya urithi hutoka kwa mama, na mama hana pembe za kutazamwa. Tena dume mkubwa hatawali majike wote kama jogoo katika ua. Vipimo vya urithi vimeonyesha kwamba madume wengi hupata watoto wachache wachache, wachanga nao hupata fungu lao, na hata pacha huweza kuwa na baba wawili. Mfugaji wa mbuzi akimweka beberu mmoja mwema katika zizi ataona matunda yake baada ya vizazi vichache. Mwituni kuchagua kwa bunduki ni kama kuteka maji kwa ungo.

Si kwamba bunduki haiwezi kuharibu. Huko Ram Mountain, Kanada, wawindaji waliwaua kondoo dume wa milimani wenye pembe kubwa kabla hawajazaa vya kutosha, na ripoti ya mwaka 2003 ilieleza kwamba pembe za kundi zima zilikuwa zimepungua katika muda wa miaka 30. Kuondoa wazuri wangali wachanga ni jambo la kuogopwa kuliko kuwaacha wabaya.

Kwa sababu hiyo watunzaji wengi wa leo hutazama umri kwanza, na pembe baadaye. Ayala dume hufikia ukomo wa pembe zake kati ya miaka mitano na saba. Wa mwaka mmoja na nusu afanana na jike aliyevikwa pembe: shingo nyembamba, miguu mirefu. Wa miaka mitatu na nusu ana kifua kipana na kiuno chembamba, mfano wa farasi wa mashindano, na shingo yake, ijapokuwa imevimba kwa majira ya kupandana, yaonekana mahali inapoungana na kifua. Akipita miaka mitano, shingo na kifua huwa kitu kimoja, tumbo hushuka, na miguu huonekana mifupi. Sheria nayo ilifuata njia hiyo. Mwaka 2002 wilaya sita za Texas ziliwekewa kanuni kwamba dume halali ni yule ambaye nafasi ya ndani kati ya pembe zake si chini ya inchi 13, au mwenye angalau pembe moja isiyo na tawi. Inchi 13 ndiyo nafasi kati ya ncha za masikio mawili ya dume aliyeshtuka, basi mwindaji hahitaji kipimo kingine.

Dume akiisha kuanguka, kazi haijaisha. Taya la chini hutolewa, na kuchakaa kwa meno yake hulinganishwa kwa njia iliyoelezwa mwaka 1949 na C. W. Severinghaus wa New York. Mwili hupimwa uzito, pembe hupimwa urefu, na yote huandikwa. Wa miaka mitatu hulinganishwa na wa miaka mitatu, si na babu zake. Ikionekana kwamba uzito wa rika moja unashuka mwaka hata mwaka, na vichaka vimeliwa mpaka pale midomo inapofika, hakuna dume wa kulaumiwa: vinywa vimekuwa vingi, na majira yajayo huwa ni zamu ya majike kupunguzwa.