Nyundo Peke Yake Haitoshi: Majibu kwa Madai Matano Kuhusu Ekseli ya Pedeli

Sokoni Gitega, na katika barabara itokayo Muyinga kuelekea mpaka wa Kobero, mizigo mingi ya mkulima husafiri kwa baiskeli: mikungu ya ndizi, magunia ya makaa, kreti za bia, mitungi ya maji, na abiria pia. Uhaba wa petroli ulioibana Burundi miaka ya karibuni umeiongezea baiskeli kazi. Milima nayo haipungui. Mwendeshaji anaposimama juu ya pedeli kupanda kilima, nguvu yake yote hupita kwenye ekseli ya pedeli, pale chini ya fremu ambapo kranki mbili hukutana.

Ekseli ya kizamani ina vikombe viwili vya chuma vilivyokazwa kwa hesi, ringi ya kufungia upande wa kushoto, na gololi za robo inchi, kwa kawaida 11 kila upande zikipangwa bila kishikio. Kranki zimeshikwa kwa pini zenye ubapa ulioinama. Ni mtambo rahisi, na ukihudumiwa vizuri hukaa miaka mingi. Kinachoumaliza mapema mara nyingi ni vifaa vinavyotumika kuufungua. Yafuatayo ni madai yanayotetea vifaa hivyo na mbinu nyingine mbovu, na sababu za kuyakataa.

Dai la kwanza: "Nyundo na tindo zinatosha."

Hazitoshi. Tindo hugusa pembe moja tu ya ringi au kikombe, na nguvu yote hukusanyika hapo. Mara ya kwanza ringi inafunguka. Baada ya matengenezo machache pengo lake limepasuka, na hakuna spana itakayolishika tena.

Kwenye pini ya kranki madhara ni makubwa zaidi. Pigo likitua kwenye hesi ya pini, ncha hutanuka na nati hairudi. Kranki ikiwa inaning'inia bila kuegemezwa, mshindo hupita kwenye ekseli na kuzigongesha gololi kwenye vikombe, zikaacha vishimo vidogo. Kuanzia siku hiyo ekseli itakwaruza hata ukiijaza grisi mpya.

Njia salama ni kuisukuma pini kwa jiliwa au kwa klempu imara, ukiweka soketi upande wa pili ili pini ipate pa kutokea. Legeza nati kwanza mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, ili hesi isiharibike. Kama huna klempu, simamisha kipande cha bomba nene la chuma kutoka sakafuni hadi chini ya kranki, pini iingie katika uwazi wa bomba, ndipo upige pigo moja zito. Hapo mshindo unaishia sakafuni, na gololi zinabaki salama.

Dai la pili: "Kikombe chochote hufunguliwa kwa kuzungusha kushoto."

Dai hili limeharibu fremu nyingi. Kwenye baiskeli zenye hesi ya Kiingereza, ambazo ndizo nyingi katika eneo letu, kikombe cha kulia, yaani cha upande wa cheni, kina hesi ya kinyume. Kinafunguka ukikizungusha kulia. Sababu yake ni hii: ekseli inapozunguka, gololi hukisukuma kikombe polepole kuelekea upande ulio kinyume na mzunguko wa ekseli. Kingekuwa na hesi ya kawaida, kingejilegeza chenyewe njiani.

Lakini hata kanuni hiyo si ya kila fremu. Fremu za zamani za Kifaransa, zenye hesi ya milimita 35, na za Kiitaliano, zenye milimita 36, zina hesi ya kawaida pande zote mbili. Raleigh za zamani za Nottingham zina hesi 26 kwa inchi, ilhali kipimo cha Kiingereza kilichoenea ni 24. Kikombe cha aina moja kikilazimishwa ndani ya fremu ya aina nyingine, hesi za fremu hukatika. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, jua fremu iliyo mbele yako. Kikombe kipya kianze kuingia kwa vidole. Kikigoma mapema, kitoe ukipime.

Dai la tatu: "Vifaa halisi hutoka Ulaya, fundi wa Muyinga hawezi kuvimudu."

Kila kifaa cha kazi hii kinaweza kutengenezwa na mtu mwenye mashine ya kuchomelea na tupa. Spana ya ndoano ya ringi hukatwa kwenye kipande cha springi ya gari. Spana ya vikombe vyenye matundu ni bapa la chuma lenye vijiti viwili vilivyochomelewa kwa kipimo cha matundu hayo.

Kwa kikombe cha kulia kilichogoma, tafuta bolti nene inayopita katika tundu la ekseli, pamoja na nati, washa mbili pana na washa ya springi. Toa kwanza kikombe cha kushoto na ekseli. Ingiza bolti kutokea ndani, washa moja kila upande wa kikombe, na nati ikae nje. Shika kichwa cha bolti kwa soketi kupitia upande wa kushoto, kaza nati kwa nguvu zote, kisha achia soketi na uendelee kuzungusha nati kulia. Kadiri unavyozungusha, bolti inazidi kukibana kikombe, na huo huo ndio upande ambao hesi ya Kiingereza hufungukia. Kwa fremu ya Kifaransa au ya Kiitaliano mbinu hii haifai, kwa kuwa nati italegea kabla ya kikombe. Huko tumia spana inayoshika bapa zote mbili za kikombe.

Dai la nne: "Kaza kwa nguvu zote, ndipo ekseli itadumu."

Ekseli iliyokazwa kupita kiasi husaga gololi na vikombe. Ikilegea nayo hugonga. Kipimo sahihi ni pale ekseli inapozunguka laini kwa vidole bila kucheza wala kukwaruza. Shida ni kwamba ringi ikikazwa hukivuta kikombe na kubadilisha kipimo hicho. Ndiyo maana spana mbili hutumika kwa wakati mmoja: moja ishike kikombe, nyingine ikaze ringi. Mwenye spana moja atarudia kazi hiyo hiyo bila kupata jibu.

Grisi iwe safi. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika ni mepesi, hutiririka nje, na yana chembe za chuma ndani yake.

Dai la tano: "Achana na vikombe, weka katriji ya kisasa."

Katriji, yaani ekseli iliyofungwa pamoja na beringi zake, ina sifa yake: huzuia vumbi la kiangazi, la Juni hadi Agosti, vizuri kuliko vikombe vya wazi. Lakini ncha zake kwa kawaida ni za mraba, na kranki za pini haziingii. Itabidi ununue kranki nyingine, mara nyingi na gurudumu la cheni, pamoja na kifaa maalumu cha kuifungia. Ikichoka haifunguliwi, inatupwa. Ekseli ya vikombe hurudi kazini kwa gololi mpya na grisi. Kwa anayeishi kwa kubeba mzigo, tofauti hiyo ni kubwa.

Fundi, anza na vifaa vitano: klempu au bomba la kuegemezea, spana ya ndoano, spana ya vijiti, bolti nene na washa zake, na spana ya bapa. Nyundo ibaki kwa kazi yake. Nawe mwenye baiskeli, ukimwona fundi akielekeza tindo kwenye ringi yako, mzuie, na uwe tayari kumlipa zaidi yule aliyejitengenezea spana. Gharama ya spana hiyo ni ndogo kuliko ya fremu iliyokatika hesi.