Mbeba Kuni Si Adui wa Msitu

Kila yakizungumzwa mambo ya misitu, kidole huelekezwa kwa mwanamke wa shamba. Hutajwa yeye, na tita lake kichwani, na mafiga yake matatu jikoni, kana kwamba ndiye aliyeifyeka nchi. Nami nasema, wasomaji wapenzi, lawama hiyo imemwangukia asiyestahili. Dau la mnyonge haliendi joshi, lakini angalau tusilitoboe kwa makusudi.

Natulitazame jambo lenyewe. Mwanamke wa Kilifi au Kwale aendaye kuni, aghalabu huokota matagaa makavu yaliyoanguka. Hana msumeno, na kuni mbichi hazimfai, kwani humjazia nyumba moshi na kumtoa machozi bure. Mchoma makaa ndiye autakaye mti mzima ungali hai, tena ule mgumu uliochukua miaka mingi kukua. Huukata, akaufukia kwa udongo, akauchoma polepole. Katika tanuri la kienyeji, kilo moja ya makaa huweza kula kilo 6 za kuni, na pengine hata 10. Wala makaa hayo hayabaki kijijini. Hutiwa guniani, yakapanda lori, yakateremshwa mjini, yakatupikia pilau sisi sisi tunaomlaumu mwenye tita.

Wazee wetu walilijua tatizo hili kabla ya sheria za serikali. Katika makaya ya Wamijikenda, kukata mti ni mwiko, na mwiko huo ulishika pasipo askari. Kaya Kinondo, kule Kwale, mgeni hatakiwi kutoka na chochote cha msituni. Ndipo mwaka 2008 UNESCO ikayaandika baadhi ya makaya hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watu hao hao walikuwa wakipika kwa kuni siku zote, na msitu ukasimama.

Leo mwiko peke yake hautoshi, maana watu ni wengi na njaa haina adabu. Mwenye kuuchunga msitu sharti aone faida yake. Kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita 420 za mraba, mradi wa Kipepeo ulianzishwa Gede mwaka 1993. Wakulima hufuga vipepeo, wakawauza nchi za nje wangali ndani ya maganda yao. Mtu apataye karo ya mwanawe kutokana na msitu uliosimama hatafurahi kuuona ukianguka.

Kisha liko la ardhi, na hapa ndipo penye kidonda cha Pwani. Twamhimiza mkulima apande mvinje mpakani, apande na mwarobaini, ambao hukatwa ukachipua tena. Ni shauri jema. Lakini wangapi katika mwambao huu hukaa juu ya ardhi wasiyo na hati yake, wakiitwa maskwota mahali walipozaliwa? Mti wataka miaka. Nani atapanda leo, naye hajui kama kesho hatafukuzwa, na kuni zake zikawashwe na mwingine? Chuoni tulifunzwa kwamba apandaye mti, akala kwao mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Sadaka ni njema, lakini haifai kuwa kisingizio cha kumnyima mtu haki yake.

Figa moja haliinjiki chungu. Mkulima na apande, tena ajenge jiko la udongo lisilokula kuni nyingi. Mtu wa mjini na aulize gunia lake la makaa limetoka mti gani, na mwenye uwezo wa gesi aliache kabisa. Serikali nayo na impe mkulima hati, ndipo imdai mti. Figa moja likikosekana, chungu kitamwagika, na msiba hautakuwa wa mwanamke wa shamba peke yake.