Nuru, Sumaku na Chuma cha Upare

Katika vijito vya Milima ya Upare, ile safu inayopita juu ya mji wa Same na kufika hadi Ugweno, wilayani Mwanga, mna mchanga mweusi ambao ukisogezewa sumaku huinuka na kunata. Mchanga huo ni jiwe la chuma lililosagwa na maji; wataalamu huliita magnetaiti. Wahunzi wa ukoo wa Washana waliuosha, wakautia katika tanuri za makaa, wakavukuta, wakapata chuma cha majembe na silaha, ambacho kiliwafikia pia jirani zao Wachaga. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza masimulizi ya wazee kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Aliyejua kukitawala chuma aliwatawala na watu.

Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza: Hayo yatuhusu nini sisi tuliozungukwa na bahari? Yanatuhusu sana, kwani kumbukumbu zetu zimeandikwa kwa sumaku. Kanda za redio zenye sauti za viongozi wetu na nyimbo za taarab ni utepe uliopakwa unga wa namna hiyo hiyo ya chuma. Diski za kompyuta nazo nyingi ni hivyo: kila alama ni kidoa kidogo cha sumaku kilichoelekezwa huku au kule. Anayejua kukigeuza kidoa hicho ndiye anayeshika kalamu ya zama hizi.

Basi yafaa ieleweke kwamba kalamu hiyo inabadilika. Mwaka 1845 Michael Faraday wa London alionyesha kwamba sumaku huweza kugeuza mwelekeo wa mtikisiko wa nuru ipitayo katika kioo. Mwaka 1895 Pierre Curie wa Ufaransa alieleza uhusiano wa joto na usumaku: chuma kikifika kiasi cha nyuzi za Selsiasi 770, na magnetaiti kiasi cha nyuzi 580, havishikwi tena na sumaku kama kwanza, vikipoa, hali hurejea. Tanuri la Mshana lilipita viwango hivyo kila siku ya kazi.

Karne moja baadaye ikageuzwa hoja: ikiwa sumaku yaathiri nuru, je, nuru haiwezi kuitawala sumaku? Mwaka 1996 watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, waliupiga utando mwembamba wa nikeli kwa mpigo mfupi mno wa leza, na usumaku wake ukapungua kwa muda wa kadiri ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mwaka 2007 wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, waliandika alama katika mchanganyiko wa gadolini, chuma na kobalti kwa nuru inayozunguka kuume au kushoto, bila ya msaada wa sumaku nyingine. Na mwaka 2012 ikaonyeshwa kwamba, katika madini ya namna hiyo, hata joto la mpigo wa leza peke yake latosha kuigeuza sumaku. Yaani tumerudi kwenye moto wa mhunzi, ila moto wa sasa huwaka na kuzimika kabla jicho halijapepesa.

Si mchezo wa maabara tu. Kampuni ya Seagate ya Marekani imekwisha kuuza diski ambazo leza hukipasha moto kidoa kimoja ili kiandikike. Watafiti wanatumaini kwamba siku moja nuru itaandika kwa kasi kubwa zaidi na kwa umeme mchache zaidi. Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa thamani ya umeme mchache. Waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Wapo watakaosema: Shule zetu hazina madawati ya kutosha, na ninyi mwataka leza! Hatuombi leza kwa kila shule. Twaomba msumari, waya, sumaku na moto. Msumari ulioning'inizwa kwa waya na kuvutwa na sumaku, ukipashwa moto mpaka ukawa mwekundu wa kung'aa, huachia na kuanguka. Ukipoa, huvutwa tena. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake amekwisha kuushika mlango wa elimu tuliyoieleza. Aliyelikariri ubaoni hakushika kitu. Hiyo ndiyo maana ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967.

Elimu ya sekondari si jambo la Muungano, lakini elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Tanzania ni mambo ya Muungano. Kwa hiyo twawataka wakuu wa elimu wa pande zote mbili wahakikishe kwamba jaribio hili, na mengine ya gharama ndogo kama hilo, yanafanywa kwa mikono ya wanafunzi na kupimwa katika mitihani. Mchanga wa Upare uletwe Unguja na Pemba. Gunia moja latosha shule nyingi. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Zanzibar navyo viwachague vijana wachache walioonyesha kipaji, viwape walimu na vyombo, waingie katika elimu ya nuru na sumaku.

Katika Msahafu mna Sura iitwayo Nuru, na nyingine iitwayo Hadid, yaani chuma. Wazee wetu waliyasoma majina hayo mawili. Ni aibu ikiwa watoto wetu watainunua kila siku elimu ya kuyakutanisha, hali mchanga wenyewe umelala katika vijito vya nchi yao.