Tumefika Unguja, Hatujafika Ng'ambo

Nina ugomvi na safari yetu ya Görlitz. Najua wengi mliifurahia, na picha zenu nimeziona. Mimi pia nilifurahi mpaka saa nane mchana, tulipopewa saa mbili za kutembea kila mtu apendako. Tulikuwa watu kumi na wanne. Wanane walikaa kwenye mikahawa ya uwanja wa Untermarkt. Watatu walirudi kupiga picha lile duka kubwa la mwaka 1913, ambamo filamu ya The Grand Budapest Hotel ilipigwa mwaka 2013. Wawili walivuka daraja, wakanunua sigara za bei nafuu, wakarudi baada ya robo saa. Wa kumi na nne ni mimi.

Jioni, ndani ya treni ya kurudi Leipzig, mwenzetu mmoja alisema, "Basi, sasa tunaijua Görlitz." Wote wakaitikia. Mimi nilinyamaza, nikajuta kunyamaza, na ndiyo maana naandika. Hatuijui Görlitz. Tunaijua nusu yake, tena ile nusu iliyopakwa rangi.

Mji ule umekaa mwisho kabisa wa Ujerumani upande wa mashariki, kando ya mto Neisse. Hadi mwaka 1945 ulikuwa mji mmoja wenye mitaa kwenye kingo zote mbili. Tarehe 7 Mei mwaka ule, vita vikiwa vinakwisha, jeshi la Ujerumani liliyalipua madaraja. Kisha mto ukafanywa mpaka, na mitaa ya ng'ambo ikawa mji wa Poland uitwao Zgorzelec. Wajerumani waliokaa huko walifukuzwa. Mwaka 1950 Ujerumani Mashariki iliukubali mpaka huo kwa mkataba uliotiwa saini huko huko Zgorzelec. Daraja la mji mkongwe, lile tulilolipiga picha, lilirudishwa mwaka 2004 tu, mwaka ambao Poland iliingia Umoja wa Ulaya.

Upande wetu kuna majengo ya kihistoria yapatayo elfu nne. Mengi yalitengenezwa kwa fedha za mtu asiyejulikana, aliyeupa mji marki milioni moja kila mwaka kuanzia 1995, na baadaye kiasi kama hicho kwa yuro, hadi 2016. Ni habari nzuri na sote tuliiandika kwenye madaftari. Tuliandika pia habari za Jakob Böhme, fundi viatu aliyekuwa mwanafalsafa. Kaburi lake liko Görlitz, tukaoneshwa. Nyumba yake iko Zgorzelec, dakika chache kutoka darajani. Hiyo hatukuoneshwa, na hakuna aliyeiulizia. Mtu mmoja tumemgawa kama mji wenyewe, tukachukua kaburi tukaacha nyumba.

Wenzangu mliofika Unguja mtanielewa. Kule tunamcheka mgeni anayekaa wiki mbili katika Mji Mkongwe, akanunua vinyago, asivuke hata siku moja kwenda Ng'ambo, wanakoishi watu wengi wa mji ule. Sokoni Darajani tunapita, na tunajua jina hilo lilitokana na daraja la zamani la kuvukia. Tunasema mgeni yule hakuona kitu. Haya, sisi Görlitz tulifanya nini?

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanikera kuliko linavyowakera ninyi.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa ng'ambo, katika kijiji kilicho kilomita chache tu kutoka mtoni. Alikuwa na miaka minane walipofukuzwa. Walivuka mto, wakakaa Görlitz, na hakuondoka hapo hadi kifo chake. Mwaka 1972 mpaka ulipofunguliwa kwa watu wa Ujerumani Mashariki na Poland kuvuka bila viza, alikwenda kuitazama nyumba yao. Ni nyumba ya aina ile ya mkoa ule, ambayo chini ina chumba cha magogo na juu ina ukuta wa fremu ya mbao. Zipo Ujerumani, zipo Poland, zipo Cheki. Mipaka haikuweza kuzigawa.

Bibi alisimama langoni. Akatoka mama mmoja wa makamo, mikono ina unga. Wakatazamana. Bibi alikuwa na swali moja tu, na nadhani mama yule naye alikuwa nalo lake. Lakini Bibi hakujua Kipolandi, na yule mama hakujua Kijerumani. Mama akaingia ndani, akarudi na squash ya plamu ndani ya chupa iliyofungwa kwa gazeti, akampa. Bibi akashukuru kwa Kijerumani, akaondoka. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara alimalizia hivi: "Mjukuu wangu, tulikuwa na midomo miwili na hatukuwa na neno hata moja."

Mwaka jana, baada ya kusoma Kipolandi muhula mmoja, nilikwenda. Sentensi yangu nilikuwa nimeikariri ndani ya basi: "Kto tu wcześniej mieszkał?" Yaani, nani aliishi hapa zamani? Kijana aliyefungua mlango alinielewa, nami nilimwelewa alivyonijibu taratibu. Nyumba waliinunua miaka michache iliyopita. Mama wa zamani alishafariki. Alichosikia kwa majirani ni kwamba alikuja baada ya vita kutoka mashariki, sehemu iliyochukuliwa na Wasovieti, na kwamba kwa miaka mingi hakutaka kupanda miti bustanini, kwa kuwa aliamini wenye nyumba watarudi.

Nilisimama pale pale aliposimama Bibi. Kumbe watu wawili waliofukuzwa makwao walikutana kwenye lango moja, wakaachana na chupa ya plamu. Neno lililokosekana lilikuja miaka hamsini baadaye, wenyewe wote wawili wakiwa kaburini.

Ndiyo maana nikisikia "tunaijua Görlitz" damu inachemka.

Najua mtakavyonijibu. Jibu la kwanza: Wapolandi wa Zgorzelec wanajua Kijerumani, kwa hiyo hakuna haja. Ni kweli wengi wanakijua, kwa sababu kila siku wanavuka kufanya kazi na kuuza. Lakini jibu hilo tunalijua sisi kuliko mtu yeyote. Ni lile lile la mtalii wa Unguja anayesema, "Si wote wanajua Kiingereza?" Tumetumia miaka mitatu kulipinga. Anayetegemea lugha yake isikike kila mahali amemwachia mwenzake kazi yote ya kuvuka.

Jibu la pili: Kipolandi ni kigumu, nomino zake hubadilika kwa njia saba. Ninyi mlioshika ngeli za Kiswahili ndio mnaogopa saba?

Jibu la tatu lina uzito zaidi: sisi tumechagua Kiswahili, na kila mtu ana haki ya kuchagua. Nakubali. Sisemi tuache. Kiswahili ndicho kilichonifundisha kwamba lugha ni mlango wa nyumba ya mtu, na kwamba kabla ya kuingia unapiga hodi. Ninachouliza ni kwa nini tunapiga hodi kwa mtu aliye mbali na safari ya ndege ya usiku kucha, na kwa jirani tunapita kama barabara. Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwaka 1998 Görlitz na Zgorzelec zilijitangaza kuwa mji mmoja wa Ulaya. Mwaka 2007 ukaguzi wa mpakani uliondolewa. Mwaka 2023 Ujerumani ikaurudisha ukaguzi, na mwaka 2025 Poland nayo ikaanza wake. Tangazo hubandikwa na hubanduliwa. Neno ulilojifunza halibanduliwi na serikali yoyote.

Tena lugha zenyewe zilivuka zamani, bila kutuomba ruhusa. Hati ya mwaka 1071 inayoutaja mji huu kwa mara ya kwanza inauita Goreliz, jina la Kislavi linalotokana na kuungua. Hata neno letu la mpaka, Grenze, tuliliazima kwa Waslavi. Wapolandi husema granica. Kama vile Kiswahili kilivyochukua "shule" kwetu, sisi tulichukua kwa jirani neno tunalomzuia nalo.

Na mashambani ndiko mtu anaona vizuri zaidi upuuzi wa kutovuka. Pandeni treni kutoka Görlitz kwenda Zittau. Njiani reli inaingia Poland, kisha inarudi Ujerumani. Mji wa Ostritz uko Ujerumani, lakini kituo chake cha treni kiko Poland, kinaitwa Krzewina Zgorzelecka. Mtu wa Ostritz anayetaka treni huvuka Neisse kwa miguu, anaingia nchi nyingine, anasubiri jukwaani. Karibu na hapo kuna monasteri ya masista ya St. Marienthal, iliyoanzishwa mwaka 1234, wakati mpaka huo haukuwapo kabisa. Nilikaa kwenye kituo kile nusu saa na mzee mmoja wa Poland aliyekuwa na baiskeli. Kwa Kipolandi changu kibovu tuliongea juu ya mvua na viazi. Nusu saa hiyo ilinifunza mambo mengi kuliko Untermarkt yote.

Basi nina maombi mawili. Kwa walimu wetu: safari ijayo ianzie Zgorzelec. Tushuke ng'ambo asubuhi, tule huko, tuione nyumba ya Böhme, ndipo tuvuke kuja Görlitz mchana. Na mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma muhula mmoja wa Kipolandi au Kicheki, kozi hiyo ihesabiwe katika shahada yake. Kwa wenzangu: kabla ya safari hiyo jifunzeni sentensi tano. Si za kununulia sigara. Za kumwuliza mtu anatoka wapi na wazazi wake walitoka wapi.

Watu waliokumbuka mwaka 1945 wanakwisha, pande zote mbili za mto. Mimi nilichelewa. Ninyi bado mnaweza kumkuta mtu mlangoni.