Hesabuni mikoko iliyo hai, si miche iliyopandwa



Kuna dukuduku ambalo sisi wanachama wa klabu ya uvuvi ya chuo kimoja hapa Mombasa tumekaa nalo kwa muda mrefu. Linahusu upandaji wa mikoko katika hori la Tudor, na hasa yanayotokea baada ya wapandaji kwenda zao.

Klabu yetu huvua kwa mshipi siku za Jumamosi, maji yanapoanza kujaa. Samaki mdogo tunamrudisha majini, na tukimaliza kuvua tunaokota taka zilizonasa mikokoni. Hatufanyi hivyo kwa kujipendekeza. Chaa, changu na kamba hukulia katikati ya mizizi ya mikoko, ambako samaki wakubwa hawawafikii kwa urahisi, na wengi wao wakishakua ndipo hutoka kwenda kilindini na miambani. Mikoko ya hori hili ikifa, mvuvi wa bahari ya nje atarudi na mtumbwi mtupu bila kujua kwamba hasara yake ilianzia huku ndani.

Tangu serikali itangaze azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, fuo zetu zimepata wageni wengi. Wanashuka kwenye mabasi wakiwa na fulana mpya, hotuba zinatolewa, picha zinapigwa, na kabla ya adhuhuri inatangazwa idadi ya miche iliyopandwa. Nia yao ni njema na hatuipingi. Wanafunzi wenzetu wamo humo, nasi tumewahi kualikwa. Lakini ni sisi tunaopita hapo wiki na miezi inayofuata, na tunayoyaona hayatangazwi popote.

Kuna sehemu moja ya hori ambapo miche ya mkoko ilipandwa kwa mistari iliyonyooka upande wa mbele kabisa, unaopigwa na mawimbi. Mingine ilifukiwa ikiwa bado ndani ya mifuko ya plastiki ya kitaluni. Tulipong'oa mmoja uliokauka, ulitoka na mfuko wake, mizizi imejizungusha chini isipate pa kutokea. Mingine ilikuwa imezongwa na matambara na vipande vya nyavu, hata ikalala kwenye tope. Msimu mwingine likaletwa kundi jipya mahali pale pale, likapanda katikati ya vijiti vikavu vya waliotangulia, na idadi mpya ikatangazwa. Kwenye hesabu za waandalizi, tope lile lina msitu. Kwa macho yetu halina mti hata mmoja.

Mikoko ina mahali pake. Mlilana ndio hukaa mbele, ukikabiliana na maji. Mkoko wenyewe hufuata nyuma yake, penye tope laini. Muia na mkandaa hukaa ndani zaidi, na mchu, unaostahimili chumvi nyingi, huonekana hadi mpakani na nchi kavu. Mvuvi yeyote anayevuka hori hili anaujua mpangilio huo. Waandalizi huupenda mkoko kwa sababu mbegu yake ni ndefu na mtu yeyote anaweza kuichomeka topeni. Hupenda pia sehemu zilizo wazi, maana ni rahisi kufikika na hazina mgogoro. Hawaulizi kwa nini ziko wazi. Nyingine hazijawahi kuota mikoko hata siku moja, na nyingine zina nyasi za baharini ambazo ni malisho ya samaki. Kuzikanyaga na kuzichimba ni kuharibu kwa jina la kuhifadhi.

Isitoshe, mti uliokufa una kilichouua. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, ukafunika mizizi inayopumua, na mikoko mingi ikafa imesimama. Hapa Tudor kuna maji taka ya mji, kuna taka ngumu, na kuna wenye mapanga wanaokata nguzo na kuni. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932, kwa hivyo sheria si ngeni. Kupanda mche mbele ya mfereji wa maji taka, na mfereji wenyewe ukaachwa vile vile, ni kutupa mche na jasho la aliyeupanda.

Haya yanaweza kufanywa vizuri, na mfano hauko mbali. Kule Gazi, Kaunti ya Kwale, mikoko ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani. Watafiti na wanakijiji wakairudisha hatua kwa hatua, na mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni. Mapato yake yamesaidia maji na shule za kijiji. Ufanisi huo una siri moja: mnunuzi wa kaboni hulipia msitu uliosimama na kupimwa, si miche iliyotajwa kwenye hotuba.

Ombi letu kwa wanaosimamia misitu, kaunti na mashirika yanayofadhili shughuli hizi ni hili. Kabla ya kuchagua mahali, waketi na wavuvi wa hapo na wataalamu wa mikoko. Sehemu ya fedha za fulana na mahema itengwe kumlipa kijana wa mtaani wa kulinda, kuondoa taka na kuziba mapengo kwa miaka mitatu. Kisha kila aliyetangaza idadi ya miche atangaze pia, mwaka baada ya mwaka, imebaki mingapi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kutunza mazingira. Tunaomba yote mawili yatekelezwe hapa horini.

Kwa wanafunzi wenzangu wa vyuo vya pwani: mkialikwa kupanda, nendeni, lakini kabla ya kupokea fulana ulizeni ni nani atakayerudi kuitazama miche hiyo. Mkikosa jibu, kataeni kupigwa picha.

Katibu, klabu ya uvuvi ya chuo,
Mombasa