Malikale Zipimwe Kabla ya Mchoro wa Mwisho

Tathmini ya malikale ni uchunguzi unaofanywa katika eneo la mradi kabla ya ujenzi kuanza, ili ijulikane kama ardhi hiyo ina mabaki ya kale, mabaki hayo yana thamani gani, na ujenzi utayaathiri vipi. Malikale hapa ni neno pana. Ndani yake mna magae ya vyungu, zana za mawe, mavi ya chuma yaliyobaki kando ya tanuri za wahunzi, magofu, makaburi na michoro ya miambani. Mna pia visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa zamani yaliyogeuka jiwe, pamoja na nyayo zilizoganda katika majivu ya volkano. Vyote hivi vina sifa moja inayodai uchunguzi wa mapema: vikiharibiwa havirudi. Msitu uliokatwa waweza kupandwa upya, lakini tabaka la udongo lililovurugwa na katapila hakuna awezaye kulipanga tena.

Hasara ya namna hiyo ilitokea Kabwe, Zambia, mji ulioitwa Broken Hill wakati wa ukoloni. Mwaka 1921 wachimbaji wa madini ya risasi na zinki walikuta huko fuvu la binadamu wa kale lililohifadhika vizuri kupita kawaida. Fuvu likapelekwa London, na liko huko hadi leo. Kilima chenyewe kiliendelea kuchimbwa hadi kikaisha. Kwa kuwa hakuna aliyepima tabaka lilimotoka fuvu hilo, wanasayansi walibishana kuhusu umri wake kwa karibu miaka 100. Ni mwaka 2020 tu ndipo watafiti, kwa kupima mfupa wenyewe, walipochapisha makadirio ya takriban miaka 299,000. Maswali mengine mengi kuhusu binadamu huyo hayajibiki tena, kwa sababu mahali pa kuyatafutia majibu pamekwisha kusagwa na kuuzwa kama madini. Katika akiolojia, kitu na mahali kilipokutwa ni jambo moja. Mfupa ulionyanyuliwa bila kipimo umepoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Kinyume chake ni Laetoli, katika eneo la Ngorongoro. Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilifukua hapo nyayo za viumbe watatu waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Miongo kadhaa baadaye ukaja mpango wa kujenga jumba la makumbusho papo hapo, na kabla ya msingi kuchimbwa ikafanyika tathmini ya athari kwa malikale. Profesa Fidelis Masao na wenzake wa Tanzania na Italia walichimba mashimo ya majaribio 62, kila moja mita 2 kwa 2, yakiwa yametawanywa katika eneo lililokusudiwa. Katika baadhi ya mashimo hayo zikatokea nyayo 14 za viumbe wawili wengine, kiasi cha mita 150 kusini mwa zile za mwaka 1978, juu ya uso ule ule wa kale na zikielekea upande ule ule. Mmoja wao alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, mrefu kuliko makadirio yote ya awali ya jamii yake, Australopithecus afarensis. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 na kusomwa duniani kote.

Jengo la kuenzi nyayo lingeweza kujengwa juu ya nyayo nyingine. Nyayo hizo zilikuwa zimefunikwa na udongo, na mtu angeweza kupita juu yake akiwa na kalamu na fomu mkononi, akaandika kwamba eneo ni tupu. Kilichoziokoa ni mambo mawili: uchunguzi ulifanyika wakati jengo bado liko kwenye karatasi, na wachunguzi walichimba. Ubora wa tathmini yoyote ya malikale unapaswa kupimwa kwa mambo hayo mawili kwanza, kabla ya kuangalia unene wa ripoti.

Sheria za kusimamia kazi hii zipo. Tanzania inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 na majengo ya kabla ya mwaka 1886, na ambayo inagusa pia visukuku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inadai tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi mikubwa. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, ambayo kwayo kitu kinachohamishika kilichokuwapo kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale. Benki ya Dunia na tawi lake la mikopo ya sekta binafsi, IFC, wanayo masharti yao ya urithi wa utamaduni, na mkopaji asiyeyatimiza anahatarisha mkopo.

Tarehe hizo za kisheria zina pengo ambalo tathmini nzuri haina budi kuliziba. Vita vya Majimaji vilipiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907, baada ya ukomo wote uliotajwa katika sheria ya 1964. Kaburi la shujaa wa vita hivyo halilindwi moja kwa moja kwa umri wake. Linahitaji tangazo la waziri. Mtaalamu anayehesabu yale tu yaliyotimiza umri wa kisheria atayaacha mengi ambayo wenyeji wanayaona kuwa ndiyo historia yao.

Kazi yenyewe huanza ofisini. Mtaalamu hupitia kumbukumbu za makumbusho na vyuo, ramani za zamani, picha za angani na ripoti za miradi iliyotangulia katika eneo hilo. Kwa upande wa visukuku, ramani ya jiolojia ndiyo mwongozo mkuu. Miamba ya granaiti, kama ile iliyotapakaa Mwanza, iliganda kutoka katika uji wa moto na haina visukuku, ingawa chini ya majabali yake panaweza kuwa na makazi ya kale. Matope ya maziwa yaliyokauka, mchanga wa mito ya kale na majivu ya volkano ni habari nyingine kabisa. Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, ni ardhi ya aina hiyo. Tendaguru mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosauria kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuisafirisha hadi Berlin, ni miamba ya mashapo vilevile, na ilikuwa ni mhandisi wa madini aliyegundua kwanza mifupa imejitokeza juu ya ardhi. Mwamba wa chokaa wa pwani nao hutoboka mapango. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, lilipatikana kaburi la mtoto aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, habari iliyotangazwa mwaka 2021. Mawe ya chokaa ndiyo malighafi ya saruji, kwa hiyo kila machimbo mapya ya saruji pwani ni mahali pa kuchunguzwa kwa makini.

Baada ya ofisini ni uwandani. Wachunguzi hupita kwa mistari inayofuatana, wakitazama mashimo ya panya, kingo za makorongo, udongo uliotifuliwa na jembe, na kila mahali ambapo ardhi imejifunua. Magae mengi juu ya shamba la mihogo yanaashiria kijiji cha kale chini yake. Lakini kutembea hakutoshi, hasa kwenye nyasi ndefu au mchanga ulioletwa na mafuriko. Hapo ndipo mashimo ya majaribio yanapohitajika, na hapo ndipo bajeti nyingi zinapokatwa. Mradi wa mabilioni hukosa fedha za vibarua wa kuchimba mashimo kwa wiki chache. Huo ni ubahili usio na utetezi.

Uchunguzi uliokamilika hutoa uamuzi. Kwanza hupimwa thamani ya kila eneo: umri, uzima wa matabaka, uhaba wa aina yake, na uzito wake kwa wanaoishi hapo. Kisha huchaguliwa njia. Iliyo bora ni kukwepa: bomba lipinde, nguzo isogezwe, kambi ya wafanyakazi ihamishiwe ng'ambo ya mto. Ikishindikana, wanaakiolojia huchimba na kuhifadhi kinachoweza kuokolewa kabla ya mitambo kuingia. Kuhamisha urithi mzima ni njia ya mwisho, na ni ya gharama kubwa. Mahekalu ya Abu Simbel nchini Misri yalikatwa vipande na kupandishwa juu kati ya mwaka 1964 na 1968 ili yasizamishwe na bwawa la Aswan, kwa michango ya mataifa mengi. Kijiji cha kale cha wafua chuma hakiwezi kutarajia michango kama hiyo. Kinga yake ni kukwepwa mapema, wakati kuhamisha mstari kwenye mchoro hakujagharimu fedha nyingi.

Hata tathmini makini haioni yote. Ndiyo maana mkataba wa ujenzi unapaswa kuwa na utaratibu wa ugunduzi wa ghafla: opereta akiona mfupa, gae au jiwe lililochongwa anasimamisha mtambo, eneo linazungushiwa uzio, na taarifa inapelekwa kwa mamlaka ya mambo ya kale. Katika bomba la mafuta la Chad hadi Kamerun, lenye urefu wa kilomita 1,070 na lililojengwa kati ya mwaka 2000 na 2003, wanaakiolojia waliufuata mtaro na kurekodi maeneo zaidi ya 400. Utaratibu huo hufanya kazi pale tu opereta anapofundishwa na anapohakikishiwa kwamba hatakatwa ujira kwa muda ambao mtambo umesimama. Bila hakikisho hilo, mfupa utarudishiwa kifusi na kazi itaendelea.

Sehemu inayosahauliwa mara nyingi ni ile iliyo nje ya mstari wa mradi. Barabara huchunguzwa upana wake, lakini machimbo ya kifusi, barabara za mchepuko na kambi huamuliwa baadaye na mkandarasi, wakati ripoti imeshapata kibali. Machimbo ya kifusi hula vilima, na vilima ndivyo watu wa kale walivyopenda kukaa. Bandari nazo huchunguzwa nchi kavu, huku uchimbaji wa kina cha bahari ukipita juu ya mabaki ya vyombo vilivyozama.

Wenyeji ni chanzo cha habari kabla ya kuwa wapokeaji wa fidia. Wazee wanajua makaburi yasiyo na alama, miti ya matambiko na mahame ya babu zao. Lamu, ambayo Mji Mkongwe wake uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ilionyesha kinachotokea wanapopuuzwa. Mradi wa bandari ulipozinduliwa mwaka 2012, wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliona kwamba haki zao zilikiukwa, zikiwamo haki ya mazingira safi, ya utamaduni na ya kupata taarifa. Wavuvi wakaamriwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kuwasikiliza mapema kungegharimu kidogo kuliko hapo.

Inabaki hatima ya vitu vyenyewe. Kila uokoaji huzaa maboksi ya magae, mifupa, sampuli za udongo na daftari, na vyote vinahitaji ghala kavu na mtunzaji mwenye mshahara. Mradi unaolipia uchimbaji bila kulipia utunzaji umehamisha uharibifu kutoka shambani hadi stoo. Ripoti pia zisifungiwe makabatini mwa washauri waelekezi. Mtaalamu wa mradi unaofuata anazihitaji.

Wanaoandika hadidu za rejea za miradi, katika wizara, halmashauri na mashirika ya umma, wanao uwezo wa kulibadilisha hili bila sheria mpya. Waandike kwamba mwanaakiolojia na mtaalamu wa visukuku wataingia uwandani kabla ya usanifu wa mwisho, kwamba mashimo ya majaribio yatachimbwa na kulipiwa, kwamba machimbo ya kifusi na kambi ni sehemu ya eneo la uchunguzi, na kwamba fedha za utunzaji zitatengwa siku ile ile zinapotengwa fedha za saruji.