Tamko Kuhusu Fataki za Mkesha wa Mwaka Mpya Saboti, Kitale na Bungoma

Sisi, wanachama wa chama cha wakazi na wafugaji wa Saboti, pamoja na wenzetu wa Bungoma walioketi nasi mjini Kitale, tunatoa tamko hili kwa serikali za Kaunti ya Trans Nzoia na Kaunti ya Bungoma, kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), kwa wenye hoteli na maduka, kwa viongozi wa dini, na kwa kila anayekusudia kuwasha fataki msimu huu wa sherehe.

Hatuji kumnyima mtu raha yake. Mkesha tunaukesha nasi, na mbuzi wa Krismasi tunamchinja. Ila anayenunua fataki hulipia boksi peke yake. Gharama iliyobaki huwaangukia watu na viumbe ambao hawakualikwa, wala hawakuulizwa.

Tunaanza na jambo ambalo wageni wa eneo hili huenda hawalijui. Saboti haijasahau mlio wa risasi. Wako miongoni mwetu waliokimbia mapigano ya kikabila ya mwaka 1991 na 1992, na wako walioteremka kutoka Mlima Elgon kati ya mwaka 2006 na 2008, wakati wa kundi la wapiganaji la SLDF (Sabaot Land Defence Force) na kisha operesheni ya jeshi iliyoanza Machi 2008. Wapo waliopoteza waume na wana, na ambao mpaka leo hawajaonyeshwa kaburi. Baruti ikilipuka saa sita usiku bila tangazo, mama wa namna hiyo haangalii angani. Anazima taa, anawaburura wajukuu chini ya kitanda, anangoja. Mwenye kuwasha angempa taarifa siku tatu kabla, huenda angelala kwa jamaa zake, au angalau angejua ni nini. Taarifa hiyo haimgharimu mtu shilingi, na bado haitolewi.

Wafugaji nao wana hesabu yao. Ng'ombe aliyeshtuka hateremshi maziwa, kwa sababu homoni ya hofu huizuia ile inayoyaachilia maziwa kutoka kiweleni. Asubuhi ya Januari mosi mkamuaji anaosha kiwele kwa maji ya moto, anakanda, anamleta ndama, na chini ya ndoo kunabaki povu. Maziwa yanayobaki ndani nayo hualika ugonjwa wa kiwele, na dawa yake haitoki kwenye mfuko wa mwenye hoteli. Kuku hupata mabaya zaidi: vifaranga wakishtuka gizani hukimbilia pembe moja ya banda na kulaliana, wa chini wakafa kwa kukosa hewa.

Halafu kuna moto. Desemba ya Trans Nzoia ni majira ya mavuno na ukavu. Mahindi mengine bado yako shambani, yamekatwa na kusimamishwa kwa mafungu yakauke, na mengine yamejazwa ghalani karibu na jiko. Fataki ya kurushwa haichagui pa kuangukia, na moto wa mabua hausubiri gari la zimamoto litoke mjini. Hata zile njiti za kumetameta ambazo watu hudhani ni mchezo wa watoto huwaka kwa joto linaloweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Maji ya chai huchemka chini ya nyuzi 100 huku kwetu milimani. Anayempa mtoto wa miaka minne njiti hiyo ashike, ajue anampa nini.

Rangi zinazopendeza zina asili yake pia. Wekundu ni strontiamu, kijani ni bariamu, samawati ni shaba, na moshi wake ni chembe ndogo zinazoshuka hadi ndani ya mapafu. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Desemba ni wa baridi, na upepo ukitulia moshi hulala juu ya paa za mitaa ya Tuwani na Matisi, na wenye pumu huumia.

Wanyamapori hawana wa kuwasemea. Hifadhi ya Kitaifa ya Saiwa, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe na iliyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, haiko mbali na Kitale, na korongo taji, ndege aliye hatarini kutoweka, anaishi katika vinamasi vyake. Mjini Beebe, Arkansas, nchini Marekani, maelfu ya ndege walianguka wakafa usiku wa Desemba 31, 2010, baada ya fataki kuwafurusha gizani. Hata watu hawasalimiki: jirani kabisa, Kampala, umati uliotoka kutazama fataki za Mwaka Mpya wa 2023 katika jengo la Freedom City ulikanyagana kwenye njia nyembamba, na watu wasiopungua 9 wakafa, watoto wakiwamo.

Sheria ipo. Kibali cha fataki hutolewa chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na kanuni za kelele za mwaka 2009 nazo zinadai kibali. Katiba, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti udhibiti wa kelele, uchafuzi wa hewa, maslahi ya wanyama na kuzima moto. Kwa hiyo hatukubali kuambiwa kwamba jambo hili ni la Nairobi.

Kuna wanaotaka lawama hizi zipelekwe kwa Wahindu na Diwali yao. Hatumo. Diwali ina tarehe inayojulikana, na jirani anaweza kujiandaa. Kinachotusumbua ni milipuko isiyo na mwenyewe, ya mikesha, harusi na ofa za maduka.

Tunazitaka kaunti zote mbili zipige marufuku uuzaji wa fataki kwa watoto na uwashaji wake karibu na hospitali, ikiwamo Hospitali ya Rufaa ya Wamalwa Kijana, na karibu na mashamba ambayo hayajavunwa. Mwenye kibali atangaze kupitia chifu na redio za hapa siku saba kabla, ataje mahali na saa, na amalize kabla ya saa sita na robo usiku. Makanisa tunayaomba yarudie ngoma na kengele, ambazo zilitutosha miaka yote. Hoteli isiyoweza kuacha kabisa inunue zile zenye mlio wa chini. Mji wa Collecchio, Italia, ulizilazimisha mwaka 2015 kwa ajili ya wanyama, na sherehe hazikufa.

Nakala za tamko hili zinapelekwa kwa magavana wa kaunti hizi mbili, kwa mabunge ya kaunti na kwa ofisi za NEMA. Tunataka jibu la maandishi kabla maombi ya vibali vya Desemba hayajaanza kupokelewa. Lisipokuja, tutawasilisha ombi rasmi katika Bunge la Kaunti ya Trans Nzoia, na saini zimekwisha kuanza kukusanywa katika wadi za Kinyoro na Machewa.